Chuma mbele ya kioo au nyuma yake: kisa cha duka la simu kwenye mtaa wa maduka Uingereza

Duka la kisa hiki linauza na kutengeneza simu na saa za mkononi. Liko kwenye mtaa mkuu wa maduka wa mji mdogo wa England, ghorofa ya chini ya jengo la enzi za Malkia Victoria, na juu yake wanaishi wapangaji. Duka ni la mfano: nimelikusanya kutokana na mambo yanayojirudia kwenye mashauri ya namna hii, nisije nikamwanika mtu. Sheria na viwango ninavyovitaja ni vya kweli, na sheria ni za England. Scotland na Wales wana taratibu zao.

Mambo yalianza hivi. Usiku mmoja wezi walivunja kioo cha mbele, wakachota simu zilizokuwa dirishani, wakatokomea. Kioo kikabadilishwa. Kabla mwaka haujaisha wakarudi na kuvunja hicho kipya. Kampuni ya bima ililipa mara ya pili kwa shingo upande, kisha ikaandika barua: mbele ya duka pawekwe shata ya chuma, la sivyo mkataba ukiisha hautahuishwa. Mwenye duka akamwita fundi. Kazi ilikwisha kwa siku moja: shata ya bati zito inayojikunja juu kama mkeka, sanduku lake limetokeza nje likafunika nusu ya ubao wa jina la duka, na reli mbili za pembeni zimefungwa kwa skrubu ndefu zilizotoboa nguzo bapa za mbao zenye nakshi za karne ya 19.

Haikupita muda jirani akapeleka malalamiko halmashauri.

Wenye maduka wengi hushangaa kusikia kwamba shata inahitaji kibali. Wanaiona kama kufuli kubwa, na kufuli haliombewi ruhusa. Lakini kifungu cha 55 cha Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya 1990 kinahesabu kuwa uendelezaji kazi yoyote inayobadilisha kwa kiasi cha maana sura ya nje ya jengo, na shata ya nje, pamoja na sanduku na reli zake, kwa kawaida inaingia humo. Kifungu hichohicho kinaziacha nje kazi za ndani zisizogusa sura ya nje. Msomaji aushike mpaka huo, maana kisa kizima kilikuja kuamuliwa na unene wa kioo: kilichoko upande huu wa kioo kinaombewa kibali, kilichoko upande ule mara nyingi hakiombewi. Jengo lingekuwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, hata ya ndani yangehitaji idhini, na kuanza kazi bila idhini hiyo ni kosa la jinai papo hapo. Hili halikuwemo kwenye orodha. Lilikuwa tu ndani ya eneo la uhifadhi, utaratibu ulioanzishwa na sheria ya 1967, ambao unaitaka halmashauri ijali kwa namna ya pekee kulinda au kuboresha sura ya eneo hilo.

Sasa, upande wa pili wa dawati kulikuwa na jambo ambalo mwenye duka hakulijua, wala ofisa mipango hakujishughulisha kumwambia. Halmashauri hiyohiyo inabanwa na kifungu cha 17 cha Sheria ya Uhalifu na Vurugu ya 1998: katika kila kazi yake ifikirie athari kwa uhalifu na ifanye yote inayowezekana kwa busara kuuzuia. Kwa hiyo sura ya mtaa na usalama wa mtaa vyote viwili ni wajibu wake kisheria. Faili ikisomwa kana kwamba halmashauri inatetea uzuri na mwenye duka anatetea usalama, imeshasomwa vibaya.

Mwenye duka alishauriwa aombe kibali cha baada ya kazi. Akaomba, akanyimwa. Akakata rufaa kwa mkaguzi anayeteuliwa na serikali kuu, akashindwa. Hoja zake zilikuwa tatu, na inafaa kuzitazama kwa sababu karibu kila mwenye duka huja nazo.

Ya kwanza ni barua ya bima. Mkaguzi hakuipuuza, ila aliuliza swali moja: je, bima iliulizwa kama ingekubali kitu kingine chenye nguvu sawa? Haikuulizwa. Barua ilisema shata kwa sababu ndilo neno lililokuwa kwenye fomu. Makampuni ya bima mara nyingi hujadiliana mtu akiwapelekea kinga iliyopimwa na kupewa daraja, lakini barua ya kwanza haitakuja na mjadala huo. Lazima uuanzishe mwenyewe.

Ya pili ni majirani. Mtaa huohuo una maduka mengine yenye shata za bati, mawili yakiwa yameziweka baada ya ghasia za Agosti 2011, zile zilizoanzia Tottenham jijini London tarehe 6 zikasambaa hadi miji mingine. Kwa nini wao waachwe? Jibu la kisheria ni kavu na halimridhishi mtu. Kazi iliyokamilika zamani bila kuchukuliwa hatua hupata kinga: ilikuwa miaka 4, na kwa kazi zilizokamilika tangu tarehe 25 Aprili 2024 imekuwa miaka 10. Shata za majirani zimeshavuka mstari. Mkaguzi akaongeza kwamba shata hizo zenyewe ndizo zinazoonyesha madhara yakilimbikizana, kwa hiyo haziwezi kuwa sababu ya kuongeza nyingine. Kimantiki yuko sahihi. Ila mtu aliyevunjiwa mara mbili, akitazama bati la jirani ambalo halijaguswa kwa zaidi ya muongo, hataiona mantiki hiyo, na mimi simlaumu.

Ya tatu ndiyo ingembeba, lakini aliipeleka mikono mitupu. Alisema uhalifu umezidi. Hakuambatisha namba za kumbukumbu za polisi, hakueleza wezi waliingilia wapi, walichukua nini, walikaa dakika ngapi. Katika eneo la uhifadhi mizani iko hivi: madhara kwa sura ya mtaa, hata yakiwa madogo, hupewa uzito mkubwa, na yanapimwa dhidi ya manufaa ya umma. Usalama wa duka moja ni manufaa ya mtu binafsi hasa; unageuka manufaa ya umma pale unapoonyesha kwamba bila kinga hiyo duka litafungwa na mtaa utabaki na pengo. Hakuna aliyemwambia aandike hivyo.

Rufaa ilipoanguka ikafuata notisi ya utekelezaji: ondoa shata, sanduku na reli, ziba matundu. Notisi ya aina hii haianzi kufanya kazi kabla ya siku 28, na ndani ya siku hizo ndipo rufaa yake hukatwa. Lakini sheria mpya ya England imebana: aliyekwisha kuomba kibali cha baada ya kazi akanyimwa, kwa kawaida hapati nafasi ya pili ya kuitetea kazi ileile kwa njia ya rufaa ya notisi. Kilichomsaidia ni hoja ndogo ambayo wengi huisahau, kwamba muda uliotolewa ni mfupi mno. Aliongezewa miezi, na miezi hiyo ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu hatimaye mtu alikaa chini na kuuliza jinsi wizi wenyewe ulivyofanyika.

Kioo kilichovunjwa mara zote mbili kilikuwa kioo kilichoimarishwa kwa joto. Hiki ni kioo cha usalama wa mwili: mteja akijigonga kinamwagika kuwa punje ndogo zisizokata vibaya, na ndiyo maana mafundi hukiweka mlangoni na sehemu za chini. Kwa mwizi ni zawadi. Kigonge kwenye pembe kwa ncha ngumu ya chuma, hata chombo kidogo cha kushika mfukoni, na kioo kizima cha upana wa mita 2 kinaanguka chote kwa sekunde moja, kikiacha uwazi wa kupita mtu na gunia. Fundi wa kwanza aliweka kioo hicho, na fundi wa pili akarudishia hichohicho kwa sababu ndicho alichokikuta.

Kioo cha tabaka ni kitu kingine. Ni vioo viwili vilivyobandikwa pamoja kwa utando wa plastiki ngumu katikati. Ukikipiga nyundo kinapasuka, kinageuka cheupe chenye mistari inayotawanyika kutoka pale ulipopiga, lakini hakianguki. Upige tena, na tena, kwenye alama ileile, ndipo upate tundu la kupitisha ngumi. Kutanua tundu hilo hadi mwili upite ni kazi ya jasho na makelele. Kiwango cha Ulaya cha EN 356 hukipima kwa kudondosha mpira wa chuma wa kilo 4.11: daraja la P2A ni kutoka mita 3, P4A kutoka mita 9, mara tatu, bila mpira kupenya. Madaraja ya juu yanapimwa kwa shoka, na P6B inastahimili mapigo 30 hadi 50. Ukisimama barabarani huwezi kuona tofauti kati ya P4A na kioo cha kawaida, na hakuna mtu kutoka ofisi ya mipango atakayekulalamikia.

Nyuma ya kioo ukaja wavu wa chuma unaokunjika, matundu yake yamepangwa mfano wa matofali, na sanduku lake limefichwa ndani ya dari nyuma ya ubao wa jina. Usiku unateremka, barabarani bado unaona duka lote hadi ukutani. Hapa bima ilitaka kujua nguvu yake, na lugha inayoeleweka ni ya kiwango cha LPS 1175, ambacho tangu toleo la 8 kinatumia herufi kwa aina ya zana za mwizi na namba kwa dakika ambazo kizuizi kinamchelewesha. A1 ni zana nyepesi, dakika 1. B3 ni zana nzito zaidi, dakika 3. Nakipenda kiwango hiki kwa sababu kinasema ukweli ambao wauza shata hawausemi: hakuna kizuizi kisichopitika, kuna dakika tu, na dakika hazina maana kama hakuna anayekuja. Kwa hiyo wavu wa B3 uliunganishwa na king'ora kinachosimamiwa na kituo cha mbali, chenye namba ya usajili ya polisi, maana polisi wa Uingereza kwa kawaida hawatumi gari kwa king'ora kinacholia tu ukutani. Ndani kikawekwa pia kifaa cha kumwaga ukungu mzito, ambacho hujaza chumba kwa sekunde chache hadi mtu asione mkono wake mwenyewe. Bima ilikubali. Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza.

Linganisha na bati lililoondolewa. Shata ya bati zima lisilo na matundu ina kasoro moja ambayo polisi wanaoshauri kuhusu majengo wamekuwa wakiieleza kwa miaka: inamlinda pia mwizi aliyeshaingia. Duka hili lina mlango wa nyuma unaotokea kwenye uchochoro wa mapipa ya taka, na mlango huo ulikuwa na kitasa cha kawaida na bawaba zilizo nje. Mwizi mwenye subira angepitia huko akafanya kazi usiku kucha, na bati la mbele lingehakikisha kwamba mpita njia, dereva wa teksi wala polisi wa doria haoni mwanga wa tochi. Fedha zote zilikuwa zimeelekezwa mbele kwa sababu mbele ndiko kulikovunjwa. Mlango wa nyuma ulibadilishwa, ukawekwa bawaba zisizochomoleka na kufuli la daraja linalotakiwa na bima. Haukuhitaji siasa yoyote.

Na kuna lile ambalo halihitaji chuma kabisa. Wezi walikuwa wakichota simu za dirishani. Ukiweka dirishani maganda matupu ya simu, yale ya maonyesho, na kila jioni ukahamishia saa na simu halisi kwenye sefu iliyofungwa kwa boliti sakafuni, mwenye nyundo anakuta plastiki. Inachukua muda wa kufunga duka kila siku, na kijana anayefunga huchoka na kuna jioni atasahau. Ndiyo maana mpango ulihitaji vyote: trei zinazotoka kwa mkono mmoja badala ya kuokota kimoja kimoja, na kibandiko kidogo kwenye kona ya kioo kinachosema dirisha halina mali usiku.

Halmashauri nayo ina lake la kujibu. Mwongozo wake wa sehemu za mbele za maduka ulikuwa mzuri, wenye michoro ya nguzo bapa, ubao wa jina wenye mteremko na ukuta mfupi wa chini ya dirisha. Kuhusu usalama ulikuwa na aya moja: shata za bati haziruhusiwi. Haukusema kioo gani, wavu gani, wapi pa kuficha sanduku. Mtu aliyevunjiwa usiku anatafuta jibu asubuhi, na mwenye jibu tayari ni muuza shata. Nimeona miongozo mingine inayoanza na ngazi: kwanza kioo na kuhamisha mali, kisha wavu wa ndani, kisha wavu wa nje wenye matundu makubwa kwa biashara zenye hatari ya pekee, na bati mwisho kabisa au isiwepo. Hiyo inasaidia. Marufuku peke yake huzalisha mashauri kama hili. Tahadhari moja hapa: usidanganywe na shata yenye vitundu vidogo inayouzwa kama suluhisho la kati. Ukisimama mbele yake wakati taa za ndani zinawaka, unaona ndani. Ukija kwa pembeni, jinsi watu wanavyotembea mtaani, vitundu vinajifunga na linabaki bati.

Fedha je? Hapa ndipo mizani inapopinda, na sioni vema kulifunika. Wavu wa ndani haukilindi kioo. Mlevi akirusha chupa au mwizi akijaribu bahati yake, mali haitatoka lakini kioo kitapasuka, na sehemu ya kwanza ya gharama hiyo, ile isiyolipwa na bima, inatoka mfukoni kwa mwenye duka. Mtaa unaong'aa usiku ni wa wote. Kioo ni cha mmoja. England iliwahi kulitambua hilo kwa vitendo: mpango wa Historic England, shirika la umma la kulinda majengo ya kihistoria, wa mitaa ya maduka yenye urithi, 2020 hadi 2024, uliweka pauni milioni 95 katika mitaa zaidi ya 60, na sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye sura za mbele za maduka. Mpango umekwisha, na duka hili halikuwemo. Ningekuwa diwani, ningetenga kasma ndogo ya kuchangia kioo cha tabaka ndani ya maeneo ya uhifadhi kabla ya kusaini notisi yoyote. Ni haki zaidi, na pengine ingekuwa nafuu kuliko kuendesha shauri.

Jambo la taa lilileta usumbufu ambao haukutarajiwa. Dirisha linaloonekana usiku linahitaji mwanga, na mpangaji wa juu alilalamika kwamba mwanga unamwakia chumbani kwa kurudi kutoka kwenye ukuta mweupe wa jengo la mbele. Taa zikageuzwa zitazame ndani na chini, zikapunguzwa nguvu, zikafungwa saa ya kuzima. Baada ya hapo kamera na taa ndogo ya kaunta zinatosha.

Kisha kioo kipya kikapigwa kweli. Wavu haukuguswa, ukungu haukumwagika, hakuna kilichochukuliwa. Aliyepiga aliona utando mweupe, akapiga tena, akaondoka. Lakini kioo cha tabaka cha ukubwa ule hakikai ghalani. Kinakatwa kwa kipimo na kusubiriwa, na wakati wa kusubiri sehemu ya mbele ilifunikwa kwa mbao za plaiwudi zilizopigiliwa, sura mbaya kuliko bati lolote. Ofisa mipango alipita akaziona, na safari hii alirudi na picha ya zamani ya mtaa huo kutoka maktaba ya wilaya. Dirisha la asili halikuwa kioo kimoja. Lilikuwa limegawanywa sehemu nne kwa miimo myembamba ya mbao, na kioo kimoja kikubwa kiliingia baadaye. Vioo vinne vidogo ni vigumu zaidi kupita, kimoja kikipasuka vitatu vinabaki vimesimama, na cha akiba cha kipimo hicho kinaweza kuwekwa stoo. Kubadilisha fremu ya nje kunahitaji kibali, kwa hiyo ombi likaandikwa: miimo ya mbao ngumu kama ya awali, kioo cha P4A, matundu ya skrubu kwenye nguzo bapa yazibwe kwa mbao ya aina ileile, ubao wa jina urudishwe kwenye kimo chake. Safari hii namba za polisi na barua ya bima ziliambatishwa mwanzoni.